Mwongozo wa wiki nane: kumsaidia mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili kuzijua kazi kabla ya kuchagua masomo

Shule nyingi zina siku moja ya taaluma kwa mwaka. Mgeni anaongea saa nzima, wanafunzi wanapiga makofi, kisha wanajaza karatasi: daktari, rubani, mwanasheria. Ukifika wakati wa kuchagua masomo, aliyeandika "nesi" anaacha Fizikia kwa sababu ni ngumu, na hakuna aliyemwambia kwamba vyuo vya uuguzi vinaitaka. Mtoto huyu hakukosea. Aliombwa achague kitu ambacho hajawahi kukiona kikifanywa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa ushauri na unasihi, mwalimu wa darasa, na mzazi wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani. Mwishoni mwa wiki nane, kila mwanafunzi awe ameshika kadi tatu za kazi alizoziona kwa macho yake, na ajue njia ya kufikia kila moja.

Anza wiki ya kwanza ya masomo mwezi Julai. Kwa mpango huo, hatua ya nne itaangukia maonesho ya kilimo ya Nanenane mwanzoni mwa Agosti, na utamaliza kabla kidato cha pili hawajazama kwenye maandalizi ya mtihani wa upimaji.

## Vitu vya kuandaa (darasa la wanafunzi 48)

- Karatasi za manila 9. Kunja kila moja katikati mara nne, kata kwenye mikunjo, utapata kadi 16. Jumla ni kadi 144, yaani tatu kwa kila mwanafunzi.
- Maka peni 8, moja kwa kila kundi la watu sita.
- Kauntabuku moja ya mwalimu na daftari dogo la kila mwanafunzi.
- Nakala 16 za barua ya mkuu wa shule yenye muhuri, moja kwa kila watatu watakaokwenda kuhoji.
- Fomu 48 za ridhaa ya mzazi kwa ajili ya ziara.
- Kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi) cha mwaka husika. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao. Usichapishe chote, kurasa za afya, ufundi, kilimo na biashara zinatosha.
- Matokeo ya kila mwanafunzi ya mihula miwili iliyopita.

Muda ni kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki, siku moja ya ziara na Jumamosi moja ya mahojiano. Ukikosa kipindi kwenye ratiba, tumia muda wa klabu. Usikubali kupewa muda baada ya kengele ya mwisho, kwa kuwa wanafunzi wa kutwa wanaotembea mbali wataondoka, na mara nyingi hao ndio wanaohitaji shughuli hii kuliko wote.

## Hatua ya 1: Kuhesabu kazi zinazoonekana

Mwambie kila mwanafunzi arudi baada ya siku saba na kazi kumi ambazo amemwona mtu akizifanya. Alizosikia redioni au kuona kwenye simu hazihesabiwi. Kwa kila kazi aandike mahali na saa aliyoiona.

Sharti la kuona ni la lazima. Ukiuliza "unataka kuwa nani ukikua?", mtoto anakupa jina lenye heshima analojua litakufurahisha. Ukimuuliza amemwona nani akifanya nini, anaanza kutazama.

Wiki inayofuata, kusanyeni zote ubaoni na mfute zinazojirudia. Lengeni kazi 60 tofauti. Mkiishia 25, wengi wameandika tu mwalimu, dereva, askari, mama lishe na bodaboda. Warudishe na swali hili: "Kabla ya huyu kufanya kazi yake, nani alifanya yake?"

Chukua zao moja mlifuate darasani. Kwa Dodoma, zabibu inafaa kuliko zote. Yupo mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, na yupo anayejua kupogoa: anachagua tawi, anahesabu macho (sehemu za kuchipua) ya kubakiza, anakata. Fundi anatandaza mipira ya umwagiliaji wa matone. Mtafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Makutupora, analinganisha aina za mbegu, afisa ugani anampelekea mkulima majibu. Wakati wa mavuno kuna mtu anayedondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo cha kifaa kidogo, anakielekeza kwenye mwanga, anasoma kiwango cha sukari, na kwa tarakimu hiyo anaamua kama zivunwe leo au zingoje. Kisha wanafuata dereva, mpokeaji wa mizani, mkemia wa kiwanda, fundi wa mashine, mbunifu wa lebo, mhasibu, mkaguzi wa viwango. Zao moja limeshatoa kazi zaidi ya kumi.

Kama darasani kuna familia zisizogusa mvinyo, fuata juisi na zabibu kavu. Kazi ni zilezile kwa sehemu kubwa.

Singida fuateni alizeti au vitunguu. Kongwa anzieni soko la nafaka la Kibaigwa, na Mpwapwa anzieni mifugo, kwa kuwa chuo cha mifugo na kituo cha utafiti viko hapohapo.

Utajua imefaulu pale wanafunzi wanapoanza kukuletea kazi nje ya kipindi: "Mwalimu, jana nimemwona mtu anapima barabara kwa kifaa cha miguu mitatu, ile inaitwaje?"

## Hatua ya 2: Kuipasua kazi

Hapa ndipo shughuli nyingi za taaluma hukwama, kwa hiyo ipe vipindi viwili. Jina la kazi halimfundishi mtoto kitu. Anachohitaji kujua ni mikono, macho na kichwa vya mfanyakazi vinashughulika na nini kutwa nzima.

Mbele ya kadi liandikwe jina la kazi. Nyuma yajibiwe haya:

1. Saa mbili asubuhi mtu huyu anafanya nini? Saa nane mchana je?
2. Anashika zana gani?
3. Anashinda na watu, vitu, namba au maandishi?
4. Ni hesabu gani au maandishi gani hawezi kuyakwepa?
5. Nini kinachosha au kina hatari?

Fanyeni moja pamoja kabla ya kuwaachia. Tuchukue fundi umeme wa majumbani. Wanafunzi watasema "anaunganisha nyaya". Wapeleke ndani zaidi. Nyumba ina taa 12, na kila taa inahitaji wastani wa mita 6 kutoka kwenye swichi, nyaya mbili kila moja. 12 × 6 × 2 ni mita 144, kabla ya kuongeza za akiba. Waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5, wa soketi ni 2.5. Fundi akiweka mwembamba kwenye soketi, waya unapata joto, ganda linaungua, na moto unaweza kuanzia ndani ya ukuta. Kwa hiyo kutwa yake ina kuzidisha, kusoma mchoro, kupanda ngazi na kumweleza mwenye nyumba kwa nini bei haipungui.

Baada ya mfano huu mwanafunzi aliyedhani ufundi ni wa wasioweza hesabu hunyamaza kidogo, na anayependa hesabu huiona kazi ambayo hakuwahi kuifikiria.

Onyo: usiruhusu kadi zenye majibu kama "anahudumia wagonjwa" au "anasimamia ofisi". Zirudishe. Jibu zuri lina kitenzi unachoweza kukiigiza mbele ya darasa: anachoma kidole, anapaka damu kwenye kioo, anaweka rangi, anatazama kwenye darubini, anaandika majibu. Huyo ni mteknolojia wa maabara, na sasa darasa limemwona.

## Hatua ya 3: Mwanafunzi kujitazama

Kwa siku saba aandike kila jioni mistari mitatu: nilifanya nini bila kutumwa, nini kilinifanya nisahau muda, na nani aliniomba msaada wa nini. Msichana anayeombwa kila siku asuluhishe ugomvi bwenini ana kitu ambacho ripoti ya shule haina nafasi ya kukiandika.

Kisha weka matokeo ya mihula miwili kando ya daftari hilo, na uwe mwangalifu hapa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukutana na Fizikia kwa Kiingereza. Alama 22 inaweza kuwa ya lugha tu. Mpe swali lilelile kwa Kiswahili, kwa mdomo: "Kwa nini chungu cha udongo hupoza maji kuliko ndoo ya plastiki?" Akikueleza kwamba maji yanapenya kidogo, yanakauka nje na kuondoka na joto, fizikia anaijua. Anachohitaji ni msaada wa Kiingereza, na kumshauri aache somo ni kumnyang'anya.

Chunguza pia kama darasa lilikuwa na mwalimu wa somo hilo muhula wote. Darasa zima likifeli, alama hizo hazisemi lolote juu ya mtoto mmoja.

Majaribio ya mtandaoni ya "jua kazi yako kwa maswali 20" yaache. Yanauliza mambo ya maisha ambayo mtoto wa Chamwino au Manyoni hayaishi, na majibu yake humkaa kichwani kama hukumu.

## Hatua ya 4: Kwenda kuona na kuhoji

### Nanenane

Maonesho ya Kanda ya Kati hufanyika viwanja vya Nzuguni, Agosti 1 hadi 8. Nenda mapema, si siku ya kilele. Tarehe 8 umati ni mkubwa na wenye mabanda hawana muda wa kumjibu mtoto. Fika saa tatu asubuhi.

Gawa wanafunzi makundi ya sita na mtu mzima mmoja kwa kila makundi mawili. Kila kundi lipewe mabanda matatu tu yaliyochaguliwa siku moja kabla: moja la utafiti au kilimo, moja la chuo, moja la ufundi au kiwanda. Wakiachwa wazunguke ovyo watarudi na vipeperushi na peremende.

Agizo lao ni moja: wasiombe maelezo, waombe kuoneshwa. "Samahani kaka, unaweza kutuonesha unavyoitumia mashine hii?" Mtu akishika zana yake, hotuba inaisha na kazi inaonekana.

Agosti Dodoma ni kavu na ina upepo wa vumbi. Beba maji ya kutosha, na wenye pumu wabebe dawa zao.

Ambao hawawezi kufika Nzuguni wachague sehemu moja iliyo karibu: karakana ya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), kituo cha afya, kinu cha alizeti, gereji, ofisi ya kijiji. Sehemu moja iliyotazamwa saa mbili ina faida kuliko tano zilizopitwa mbio.

### Mahojiano ya Jumamosi

Wanafunzi watatu, mfanyakazi mmoja, dakika 20. Mmoja anauliza, mmoja anaandika, mmoja anatazama mazingira na zana. Waanze na salamu inayostahili, watoe barua, waulize kama huu ni muda mzuri. Mteja akiingia, wasogee pembeni wangoje.

Maswali yanayofungua mdomo:

- Shikamoo baba, ulijifunza kazi hii wapi na kwa muda gani?
- Jana ulifanya nini tangu ulipofika mpaka ulipofunga?
- Kosa gani wanaoanza hulifanya sana?
- Somo gani la shule unalitumia, na lipi ungetamani ungelisoma?
- Miezi gani kazi inakuwa nyingi, na miezi gani inakuwa haba?

Swali la mwisho linachukua nafasi ya "unalipwa kiasi gani?", ambalo kwa mtu mzima aliyekukaribisha ni kukosa adabu, na jibu lake mara nyingi si la kweli. Msimu wa kazi unamweleza mtoto mengi zaidi kuhusu kipato.

Tahadhari: hakuna mwanafunzi anayekwenda peke yake, hakuna anayeingia chumba kilichofungwa mlango, na mzazi anajua jina la mahali na saa ya kurudi. Hili halina msamaha.

## Hatua ya 5: Kuchora ngazi kutoka juu kwenda chini

Mwanafunzi achague kadi tatu. Kwa kila moja achore ngazi akianzia kwenye kazi yenyewe, ashuke hadi darasa alilomo. Akianzia chini ataandika "nisome kwa bidii" na kuishia hapo. Akianzia juu kila ngazi inamdai sharti.

Mfano, afisa tabibu:

- Kazi: afisa tabibu kituo cha afya.
- Kabla yake: stashahada ya utabibu, miaka mitatu.
- Kabla yake: kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia.
- Kabla yake: kutoacha hata moja kati ya hayo matatu.
- Leo: nina 31 ya Kemia, nahitaji mtu wa kunisaidia mada zipi?

Uuguzi nao unayataka masomo hayohayo matatu. Liandike kwa herufi kubwa ukutani. Kila mwaka wapo wanaoliona kwa mara ya kwanza wakiwa na cheti cha kidato cha nne mkononi.

Kila ngazi lazima iwe na mlango wa pili. Anayetaka uhandisi wa umeme anaweza kupita kidato cha tano kwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hadi chuo kikuu. Anaweza pia kutoka kidato cha nne akasoma stashahada katika chuo cha ufundi kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, kisha akaendelea na shahada. Akikosa vyote, VETA itampa ufundi umeme, na juu ya hapo anaweza kupanda taratibu. Mtoto mwenye mlango mmoja akianguka hubaki nje.

Vigezo hubadilika, kwa hiyo thibitisha kila sharti kwenye kitabu cha mwaka huu, usitegemee kumbukumbu. Tahasusi za kidato cha tano, yaani michepuo ya masomo kama hiyo PCM, zimeongezwa, na tangu 2024 zipo shule zenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, ambako uchaguzi huanza kidato cha kwanza. Kama shule yenu ni mojawapo, rudisha hatua hii nyuma, uifanye mapema.

## Hatua ya 6: Kuonja kazi

Wakati wa likizo fupi, mwanafunzi ajaribu kipande kidogo cha kazi moja. Anayetaka uhasibu aandike mauzo na matumizi ya genge la mama kwa siku kumi, kisha alinganishe na fedha iliyopo. Anayetaka kilimo aoteshe miche 50 ya mchicha au nyanya, ahesabu iliyokufa na sababu yake. Anayetaka uandishi wa habari aandike habari ya maneno 150 kuhusu mkutano wa mtaa, amsomee aliyehudhuria.

Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi nyepesi, na kazi za hatari haziruhusiwi kwa mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo hakuna kuchomelea vyuma, kunyunyizia dawa, kuingia shimo la madini wala kushika nyaya zenye umeme. Huko atazame tu, kwa mbali.

Asiyependa alichoonja amefaulu sawasawa na aliyependa. Aandike kwenye kadi ni kipande gani kilimchosha.

## Hatua ya 7: Kikao na mzazi

Mwanafunzi ndiye anayeongea, mwalimu yupo pembeni. Anaweka kadi tatu mezani, anaeleza kila moja kwa dakika mbili, anaonesha ngazi zake. Dakika 20 zinatosha kwa familia moja.

Mzazi akisema, "Mimi nataka awe daktari tu," usibishane naye mbele ya mtoto. Mwulize: "Mama, tukipanda kuelekea udaktari, na safari ikakatika kidato cha nne, ungependa awe amebaki na nini mkononi?" Hapo mlango wa pili unakuwa wake yeye pia. Akisema ufundi si kazi ya msichana, mpe kadi ya mahojiano asome mwenyewe. Kama mlimpata fundi mwanamke, panga aje kikaoni. Maneno yake yatafika mbali kuliko yako.

Suala la ada liongeleeni waziwazi. Baba akijua leo kwamba njia fulani ina miaka mitatu ya chuo, anaweza kuanza kupanga mbuzi na magunia yake mapema.

## Hatua ya 8: Kupima na kutunza

Mwite kila mwanafunzi kwa dakika tatu. Bila kusoma kadi, achague kazi moja na kueleza mtu huyo anafanya nini saa mbili asubuhi, hesabu isiyokwepeka, masomo asiyotakiwa kuyaacha, na mlango wa pili. Akikwama kwenye masomo, mrudishe hatua ya 5. Akikwama kwenye kazi yenyewe, hakuona; mtafutie mtu mwingine wa kumhoji.

Weka kadi kwenye bahasha yenye jina lake, zikae kwa mwalimu wa darasa. Zikikaa kwa mwanafunzi zitapotea kabla ya Desemba. Zitolewe tena siku ya kuchagua masomo, kabla fomu haijajazwa, zikiwa wazi mezani.

Mwanafunzi akibadili mawazo, mpe kadi mpya na tarehe yake. Ya zamani isichanwe. Iandikwe nyuma sababu ya kuiacha, irudi kwenye bahasha.